Hodi ya Sekunde Tano: Kwa Nini Linux Inakuambia "Programu Haijibu"

Tuseme uko Kasokola, hapo Mpanda mkoani Katavi, na kesho asubuhi mtihani wa Kidato cha Pili unatakiwa uwe umeshachapwa. Umekaa mbele ya kompyuta ya mtumba yenye Ubuntu, maswali 40 yapo kwenye skrini, umebonyeza sehemu ya kuhifadhi. Kipanya kinatembea, ila ukurasa hautikisiki. Dirisha linapauka kama nguo iliyofuliwa kwa jiki, halafu linachomoza kisanduku: programu hii haijibu, unaweza kusubiri kidogo au kuilazimisha ifunge. Vitufe viwili tu. Unabonyeza kipi?

Wengi wetu tunabonyeza cha kufunga. Tunasema "imeganda hii", au "imehengi", au kabisa "imekufa", na tunaizika. Maswali 40 yanakwenda nayo.

Sasa hebu kisome tena kile kisanduku. Hakijasema programu imekufa. Kimesema haijibu. Yaani kuna mtu alipiga hodi mlangoni kwake, akasubiri sekunde tano, hakusikia "karibu". Huo ndio ushahidi wote uliopo. Hiyo hodi ina historia, na hizo sekunde tano nazo zina historia, na ukiijua utapunguza sana hivyo visanduku na utaacha kuzika walio hai.

Tuanzie mbali kidogo, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, yenye nembo ya Waingereza lakini kiasili ni mashine ya Kimarekani, RCA 301, iliyouzwa kwa jina jingine. Kazi ilikuwa ikipelekwa kwake kwa mafungu: unaandaa data zako, unazikabidhi, unaondoka. Majibu utayakuta yamechapwa baadaye. Kati ya kukabidhi na kupokea, wewe na mashine hamkuwa na mazungumzo yoyote, kwa hiyo ukimya wake haukukutisha. Mtu aliyepeleka mahindi mashineni akaambiwa arudi jioni hasimami mlangoni kuuliza kama kinu kiko hai.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, baada ya kuchoshwa na gharama na matatizo ya mifumo ya hesabu iliyokuwa imewekwa. Masharti yale yalikuja kulegea taratibu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya miaka ambayo wenzetu kwingine walikuwa wanajifunza kuongea na kompyuta ana kwa ana, sisi tulikuwa nje ya mlango. Tulipoingia tulikuta kila kitu kimeshawekwa tayari: madirisha, kipanya, na kanuni za subira zilizopangwa na watu wengine kwa mashine zao.

Madirisha kwenye ulimwengu wa Linux yanatokana na mfumo unaoitwa X, ulioanza mwaka 1984 katika chuo cha MIT kwa mikono ya Robert Scheifler na Jim Gettys. Toleo lake la kumi na moja, X11, lilitoka mwaka 1987, na mpaka leo kuna kompyuta zinaendeshwa nalo. X ilijengwa kwa wazo moja la ajabu kidogo: programu unayoiona kwenye skrini yako si lazima iwe inafanya kazi kwenye kompyuta yako. Inaweza kuwa kwenye mashine kubwa jengo la pili, ikikuletea picha tu kupitia waya. Hata yule anayeyapanga madirisha, anayeyachorea fremu na kale kalama ka kufungia, naye ni programu kama nyingine. Tumwite msimamizi wa madirisha.

Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya tatizo. Msimamizi hana dirisha la kuchungulia ndani ya programu. Haoni kama inafikiri, inalala, au imejifungia chumbani inazunguka duara moja. Anachoweza ni kutuma ujumbe na kungoja ujumbe urudi.

Mwanzoni hakuwa hata na ujumbe wa kuulizia uhai. Kanuni za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilimruhusu kuiomba programu kwa adabu ijifunge yenyewe. Ikikataa kusikia, mtumiaji alikuwa na xkill: kipanya kinageuka alama ya kuulia, unabonyeza dirisha, kwisha habari. Kati ya ombi la adabu na mauaji hakukuwa na kitu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wa GNOME na wa KDE, kambi mbili zilizokuwa zikishindana, walikaa wakaandika kanuni za pamoja za jinsi msimamizi na programu wanavyopaswa kuongea. Humo wakaweka ujumbe unaoitwa _NET_WM_PING. Jina "ping" walilikuta: Mike Muuss aliandika programu ya jina hilo Desemba 1983 ili kupima kama kompyuta fulani kwenye mtandao inafikika, akaichukua kutoka kwenye mlio ambao nyambizi huutoa majini kusikiliza mwangwi. Lakini kwa Mswahili hakuna haja ya nyambizi. Ni hodi. Msimamizi anapiga hodi akitaja saa aliyopiga, na programu inatakiwa irudishe ujumbe huo. Basi. Hakuna maelezo, hakuna "subiri nakuja". Ama karibu, ama kimya.

Kwa nini programu nzima ishindwe kusema karibu, jambo dogo namna hiyo? Fikiria duka la mtaani lenye muuzaji mmoja. Mteja anakuja, anahudumiwa, anaondoka, anakuja mwingine. Programu nyingi zenye dirisha zimejengwa hivyohivyo: kuna mfuatano mmoja mkuu wa kazi unaopokea kila kitu kwa foleni. Umebonyeza herufi, inaingia foleni. Umesogeza kipanya, foleni. Hodi ya msimamizi nayo, foleni. Sasa mteja mmoja akiomba mfuko wa sukari ulioko stoo ya nyuma, muuzaji anaondoka kaunta. Wewe unafika, unapiga hodi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Duka liko wazi, taa inawaka, mtu hayupo.

Hiyo ndiyo hali ya programu iliyoomba kitu kutoka kwenye diski na inangoja kiletwe. Mwandishi mzuri wa programu anamtuma kijana stoo na yeye mwenyewe anabaki kaunta. Ndiyo maana programu nyingine hazipauki hata zikiwa na kazi nzito. Mwandishi mvivu, au aliyezoea stoo iliyo hatua mbili tu kutoka kaunta, anakwenda mwenyewe. Na kusema kweli, wengi wa waandishi hao wanafanyia kazi kwenye mashine ambazo stoo iko hatua mbili.

Hapa unaweza kuuliza swali la haki: kompyuta zinafanya mahesabu ya kurusha vyombo angani, kweli zishindwe kujua kama programu imekwama moja kwa moja au imechelewa tu?

Zinashindwa, na kuna uthibitisho wa kihisabati. Mwaka 1936 Alan Turing, kabla hata kompyuta za kielektroniki hazijajengwa, alichapisha kazi ambayo matokeo yake leo tunayaeleza hivi: hakuna kanuni moja ya jumla inayoweza kuitazama programu yoyote ile na kusema kwa uhakika kama itafika mwisho au itazunguka milele. Haijalishi unaipa akili kiasi gani. Halafu mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson wakaonyesha jambo lililo karibu zaidi na kisanduku chako. Ukiwa na washirika wanaowasiliana kwa ujumbe tu, na hakuna kikomo kinachojulikana cha muda ambao ujumbe unaweza kuchelewa, basi hata kukubaliana jambo moja hakuwezi kuhakikishwa endapo mmoja wao anaweza kufa katikati. Kiini cha ugumu ni kwamba aliyekufa na anayekawia wanafanana kabisa ukiwatazama kutoka nje. Wote wako kimya.

Watu wa reli waliishi na tatizo hili muda mrefu kabla ya kompyuta. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda lilifunguliwa mwaka 1950 kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi, na ni reli ya njia moja. Kwenye njia moja, kanuni ya zamani ya reli ni kwamba stesheni haitoi treni kabla ya kuuliza stesheni ya mbele kama njia iko wazi na kupata jibu. Jibu lisipokuja, huendi. Huenda mwenzako amekwenda kunywa chai, huenda waya umekatika, huenda treni imeanguka. Kwa yote matatu unafanya jambo moja, unangoja. Kwenye reli ukimya maana yake ni usitende. Kwenye kompyuta yako tumeugeuza: ukimya wa sekunde tano unakuletea kitufe cha kuua.

Na kwa nini tano? Msimamizi wa GNOME, anayeitwa Mutter, amewekewa milisekunde 5000. Windows nayo huliona dirisha halijibu likipitisha sekunde tano bila kuchukua ujumbe wake. Simu yako ya Android, ukiigusa na programu isiitikie mguso kwa sekunde tano, inakuja na kisanduku cha aina hiyohiyo. Nyumba tatu tofauti, subira ileile. Hakuna sheria ya maumbile inayosema tano. Namba hii inakaa kati ya vipimo vya subira ya binadamu: Jakob Nielsen mwaka 1993 aliviweka katika vituo vitatu, kwamba chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde mtu anaona jambo limetokea papo hapo, sekunde moja mawazo yake bado hayajakatika, na sekunde kumi ndiyo mwisho wa umakini wake. Tano ni mtu aliyeanza kuangalia saa.

Tazama kinachopimwa hapo. Ni subira ya mtu, si uwezo wa mashine. Mtu wa Kasokola na mtu wa California wanachoka kungoja karibu sawa, sikatai. Lakini kompyuta zao hazifanani. Ya kule ina gigabaiti 16 za RAM na diski isiyo na sehemu inayozunguka. Yako ina gigabaiti 2 au 4 na diski ya zamani ya sahani, tena iliyokwisha kukatikiwa umeme mara nyingi kuliko inavyotaka kukumbuka. Mpanda iliishi kwa umeme wa jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Hodi ileile, muda uleule, nyumba mbili tofauti: moja ya chumba kimoja, nyingine ambayo mwenyeji atoke kwanza shamba la nyuma.

Kwa hiyo ukiona onyo hili mara moja kwa mwezi, achana nalo. Ukiliona kila siku, kuna kitu kinamchelewesha mwenyeji, na mara nyingi ni kimoja kati ya vitatu.

Cha kwanza ni RAM ndogo. Mwaka 1962 pale Manchester, kompyuta ya Atlas ilianzisha ujanja unaotumika mpaka leo: kumbukumbu ya haraka ikijaa, vitu visivyotumika vinahamishiwa kwenye hifadhi ya polepole, vikihitajika vinarudishwa. Kwenye Linux sehemu hiyo ya diski inaitwa swapu. Ujanja mzuri, mpaka mahitaji yazidi. Mwaka 1968 Peter Denning aliandika juu ya hali ambayo mashine inatumia muda wake wote kuhamisha vitu kwenda na kurudi, na kazi yenyewe haisogei hata hatua. Ni kama kupika kwenye chumba kidogo mno: ukitaka kushika kisu lazima utoe sufuria nje, ukitaka sufuria utoe kisu, na ugali haujasongwa.

Uzito wa jambo hili uko kwenye tarakimu. Kuchukua kitu kwenye RAM kunachukua takriban nanosekunde 100. Kukichukua kwenye diski ya sahani, ambapo mkono lazima usogee na sahani izunguke, ni kama milisekunde 10. Hiyo ni mara laki moja. Tukuze: kama kuchukua kwenye RAM kungekuwa sekunde moja, sawa na kunyoosha mkono kuchukua chumvi mezani, basi kuchukua kwenye diski kungekuwa safari ya saa 27 na zaidi. Kisha kivinjari chenye kurasa 12 kinataka chumvi mara elfu kadhaa. Unaelewa sasa kwa nini sekunde tano hazitoshi.

Kujua kama ndicho kinachokusumbua ni rahisi. Fungua terminali, andika:

free -h

Angalia safu ya kumbukumbu inayopatikana, ile ya mwisho kulia, na mstari wa swapu. Kama inayopatikana imebaki megabaiti chache na swapu imejaa, umempata mkosaji. Kisha andika vmstat 1 uiache ikimbie: safu mbili za si na so zinaonyesha vinavyoingia na kutoka kwenye swapu kila sekunde. Zikikaa sifuri, swapu haina kosa. Zikipanda na kubaki juu huku dirisha limepauka, ni yale ya Denning.

Dawa bora ni kuongeza RAM, na kwa kompyuta za mezani za mtumba mara nyingi kipande cha RAM cha mtumba kinapatikana kwa bei ya chini kuliko unavyodhani. Kama hela hakuna, washa zram. Hii inatenga sehemu ya RAM yenyewe na kuhifadhi humo vitu vilivyobanwa, badala ya kuvipeleka diski. Kubana na kufungua kunakula prosesa kidogo, lakini si safari ya saa 27. Fedora waliifanya kuwa kawaida kwenye toleo lao la 33 mwaka 2020. Kwenye Ubuntu na Debian unaiweka mwenyewe. Na kama mazingira ya GNOME ni mazito kwa mashine yako, hamia Xfce au LXQt. Watu wanaona aibu kwa hili kana kwamba wameshushwa darasa. Mimi naona kompyuta inayokuitikia ni ya kisasa kuliko inayopendeza.

Cha pili nakipa nafasi kubwa kwa sababu ndicho kinachotuhusu zaidi, na ndicho kisichofahamika. Ni flashi. Nani kati yetu hajabeba kazi kwenye flashi kwenda steshenari kuchapisha? Unanakili mafaili kwenye flashi, mstari wa maendeleo unakimbia mpaka mwisho ndani ya sekunde chache, unafurahi. Halafu kila kitu kinaganda. Kivinjari kinapauka, kihariri cha maandishi kinapauka, na kisanduku cha onyo kinakuja kwa programu ambayo hata haijagusa flashi. Unaona kama jini limeingia.

Kilichotokea ni hiki. Linux ukiiambia iandike kitu, haikiandiki hapohapo. Inakiweka kwanza kwenye RAM, inakuambia "tayari", halafu inakimwaga kwenye kifaa taratibu nyuma ya pazia. Kwa kawaida ni busara nzuri. Tatizo ni kiasi inachoruhusu kilimbikizwe: kwa mpangilio wa kawaida, vitu visivyoandikwa bado vinaweza kufika asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana kabla ya programu zinazoandika kulazimishwa kusimama. Piga hesabu. Ukiwa na gigabaiti 4 huru, huo ni mlima wa karibu megabaiti 800. Flashi ya bei rahisi inaandika labda megabaiti 5 kwa sekunde. Mlima huo unahitaji sekunde 160 kumalizika. Na wakati kikomo kimefikiwa, hata programu iliyotaka kuandika mstari mmoja tu kwenye diski nzima na yenye kasi inaweza kusimamishwa kwenye foleni hiyohiyo, nyuma ya flashi. Sekunde tano zinapita mara 32 kabla njia haijafunguka.

Kikomo cha asilimia kilikuwa na maana RAM ilipokuwa megabaiti chache. RAM ikakua, flashi zikabaki konokono, kikomo kikabaki cha asilimia. Mwaka 2013 wasanidi wa kerneli ya Linux walilijadili hadharani, wakakubaliana kwamba ni kero ya kweli, lakini kubadilisha kikomo kwa wote kungewaumiza wenye seva kubwa. Basi kazi ikabaki kwako. Andika:

sudo sysctl -w vm.dirty_background_bytes=16777216
sudo sysctl -w vm.dirty_bytes=50331648

Hapo umesema: anza kumwaga mapema, ukifika megabaiti 16, na usilimbikize zaidi ya megabaiti 48. Mstari wa kunakili utakwenda polepole kuliko ulivyozoea, lakini sasa unasema kweli. Ukiridhika, weka vipimo hivyo viwili, bila maneno ya mwanzo ya amri, kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/ ili vibaki hata ukizima mashine. Na kabla ya kuchomoa flashi andika sync, ungoje mpaka amri irudi. Walioripoti kwamba "flashi imekula mtihani" mara nyingi walichomoa mlima ukiwa nusu.

Cha tatu ni diski inayougua, na hapa usicheze. Andika:

ps -eo pid,stat,comm

Tafuta kwenye safu ya pili herufi D. Programu yenye D imelala ndani ya kerneli ikingoja kifaa, na iko kwenye usingizi ambao kwa kawaida haiamshwi na chochote. Hata amri kali kuliko zote, kill -9, haina kazi mpaka kifaa kijibu. Kwa hiyo yule anayebonyeza kitufe cha kufunga mara kumi kwa hasira anapoteza nguvu zake. D ya sekunde chache ni kawaida. D ya dakika nzima, tena inayorudiarudia wakati RAM ipo na flashi haipo, inaelekeza kidole kwenye diski. Sakinisha smartmontools, halafu:

sudo smartctl -a /dev/sda

Mstari wa Reallocated_Sector_Ct unahesabu sehemu za diski zilizoharibika zikahamishwa, na Current_Pending_Sector unahesabu zinazoshukiwa. Thamani ya mwisho ya mistari hiyo ikiwa sifuri, shukuru. Ikiwa inapanda wiki hadi wiki, nakili kazi zako leo, si kesho. Hapo onyo la "haijibu" lilikuwa linakuambia ukweli kuhusu jambo jingine kabisa.

Sasa turudi kwenye kitufe, maana kuna jambo ambalo kisanduku hakikuelezi. Ukilazimisha kufunga kwenye GNOME, programu inatumiwa ishara ya SIGKILL, ambayo haipewi nafasi ya kuisikia. Haihifadhi, haiagi. Kuna ishara nyingine ya upole, SIGTERM, inayoipa programu nafasi ya kujipanga kabla ya kuondoka. Kama umesubiri vya kutosha na umeshaona kwenye ps kwamba haina D, tafuta namba yake kwenye safu ya kwanza uandike kill na namba hiyo, bila tisa. Ikigoma kabisa ndipo utumie kitufe. LibreOffice, kwa mfano, huweka nakala ya kujiokoa kila dakika 10 isipobadilishwa. Ingia kwenye mipangilio yake uifanye dakika 2, na siku ukiua kwa makosa utapoteza sentensi badala ya mtihani.

Maneno nayo yanahusika. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili. Watu wale walilazimika kuamua neno moja moja: faili, hariri, hifadhi. Nadhani hatujawashukuru vya kutosha, kwa sababu mtu akisoma "haijibu" kwa lugha yake anaelewa papo hapo kwamba kuna aliyeuliza. Kwa Kiingereza wengi wetu tunaruka maandishi na kusoma vitufe tu.

Baada ya kumshughulikia mwenyeji, unaweza kumwongezea mgeni subira. Nimeiweka mwisho makusudi, maana wengi wanaanza na hii na kuishia hapo, na kuongeza subira hakumharakishi mtu aliyeko stoo. Matoleo ya GNOME ya kuanzia karibu na mwaka 2020 yana mpangilio wake:

gsettings set org.gnome.mutter check-alive-timeout 30000

Hizo ni sekunde 30. Ukiweka 0, msimamizi hatapiga hodi tena kabisa; sikushauri, kwa sababu siku programu ikikwama kweli hutapata kisanduku cha kukusaidia. Kwa mashine ya gigabaiti 2 na diski ya sahani mimi naona kati ya 20000 na 30000 panafaa. Ukitaka kurudi kwenye tano za zamani:

gsettings reset org.gnome.mutter check-alive-timeout

Mpangilio huu unafanya kazi iwe uko kwenye X au kwenye Wayland, mrithi wa X aliyeanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008. Wayland imebadilisha mengi kuhusu madirisha, lakini hapa haikuweza kuvumbua kitu kipya. Kwenye kanuni zake ujumbe wa kwenda unaitwa ping, wa kurudi unaitwa pong, na katikati yake kuna mtu anahesabu sekunde.